Jina Nililompa Adui wa Kwenye Mkanda

Siku ile naikumbuka kwa magoti kwanza, mwanangu, kichwa kinafuata baadaye. Hata sasa nimekaa kwenye kigoda, lakini magoti yanakumbuka yalivyogongana pale kijijini kwetu Kisawasawa, jua la saa nne linawaka na mimi nasikia baridi. Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na aliyekaribia kufa ni mtu mwingine. Sogea nikueleze, maana jana nilikusikia ukicheka na wenzako juu ya hiyo simu. Mnaitilia filamu ya watu sauti zenu, na jina ulilompa yule mbaya nalijua. Ni la Mchina anayesimamia ujenzi wa barabara hapa kwetu.

Miaka ya tisini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Mjomba wangu alikuwa na banda la video Lipangalala, pale Ifakara: mabati, mabenchi, televisheni moja, deki moja ya kuchezea kanda, na jenereta lililokohoa kuliko mgonjwa wa kifua. Kanda zilitoka Dar es Salaam kwa treni. Nyingi zilikuwa michezo ya televisheni ya ng'ambo, ya mashujaa waliovaa vinyago na kuruka kutoka ghorofa hadi ghorofa. Shujaa tulimwita stelingi, na kila mtoto alijua stelingi hafi. Kwa kuwa watazamaji hawakujua Kiingereza, mjomba akanipa kipaza sauti niwatafsirie. Nikwambie siri? Nusu ya maneno hata mimi sikuyaelewa. Niliyatunga.

Basi katika mchezo mmoja tulioupenda sana, adui wa stelingi alikuwa mtu wa Asia, masharubu yananing'inia, kucha ndefu. Hana mke, hana mama, hatukumwona hata mara moja akila chakula cha kwao wala kuchekea jambo jema. Kazi yake kukaa katikati ya moshi wa kijani na kuwaza maovu. Zikaja kanda nyingine, stelingi wengine, na kila alipotokea mtu mwenye uso wa namna ile nilijua ni mbaya kabla hajafungua mdomo. Sikujiuliza kwa nini. Mtu mweusi naye alitokea mara moja, akabeba mkuki, akafa mapema, na hapo tulinung'unika banda zima. Kwa yule wa Asia hatukunung'unika. Nyani haoni kundule.

Jina la adui yule lilinishinda kutamka. Jumamosi moja, watu wamejaa mpaka mlangoni, nikampa jina la Fundi Cheni.

Fundi Cheni kila mtu alimjua. Alikuwa Mchina aliyekaa bondeni kwetu miaka mingi, akitengeneza mashine za kukoboa mpunga kutoka Ifakara hadi Mngeta. Alipita na baiskeli, mkoba wa spana, kipande cha mpira na chupa ya mafuta mekundu ya mashine. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mjomba. Mama yangu alimwamkia shikamoo, akala naye ugali na kambale. Lakini nilipolitaja jina lake, banda lilipasuka kwa kicheko na mjomba akaniletea soda. Nami sifa zikanipanda kichwani, nikaongeza chumvi. Nikasema ile chupa si ya mafuta, ni ya damu, na nikamtungia adui neno lake la kila siku, kwa sauti ya puani: "Leteni mtoto, chupa yangu haijajaa."

Uelewe, mwanangu, hofu ya mumiani, mtu anayesemekana kunyonya damu za watu, ilikuwepo bondeni kabla ya video yoyote. Mimi niliipatia tu uso na baiskeli. Wiki chache baadaye niliona watoto wakikimbilia vichakani Fundi akipita. Nilicheka.

Mpunga ulipoanza kuiva nilikwenda Kisawasawa kuwasaidia wazazi wangu kuamia ndege, kuwafukuza wasimalize mpunga. Asubuhi moja Fundi Cheni alikuja kutengeneza mashine ya kijiji. Na asubuhi hiyohiyo Mama Devota, jirani yetu, alimtafuta binti yake wa miaka sita, akamtafuta kisimani, akamtafuta kwa bibi yake, akamkosa. Akapiga yowe.

Kwetu yowe halina maswali. Ukilisikia unatoka na ulichoshika, panga, mchi, jembe, kwa sababu huenda ni simba au mamba, na anayebaki ndani akiuliza kuna nini, siku yake ikifika naye hatatokewa na mtu. Ni desturi nzuri. Imeokoa wengi. Siku ile nilikimbia na wenzangu, na njiani nikasikia nyuma yangu mwanamume mmoja akisema, "Leteni mtoto, chupa haijajaa. Si ndivyo anavyosema?" Wakaitikia wengi kwamba ndivyo.

Yalikuwa maneno yangu, yametoka bandani, yametembea kwa miguu mpaka kijijini kwetu, na sasa yameshika mapanga.

Tulipofika, Fundi alikuwa ndani ya kibanda cha mashine, damu inamtiririka kwenye nyusi. Jiwe la kwanza lilikuwa limeshampata. Mlangoni alisimama baba yangu, Mzee Ligonja, mikono mitupu. Baba alikuwa amejenga reli na Wachina ujanani mwake, na kwenye banda la mjomba hakuwahi kuingia.

"Nani amemwona akimchukua mtoto?" baba akauliza.

Kijana mmoja akasema, "Lisemwalo lipo, mzee. Huyu anakunywa damu. Tumemwona kwa macho yetu, Ifakara, kwenye video."

"Mmemwona huyu?"

"Huyuhuyu. Anaitwa Cheni. Na chupa yake ile pale."

Nilitaka kukimbia. Sitakuficha, niligeuka kabisa, nikapiga hatua mbili. Niliogopa kwamba nikisema, yale mapanga yatanihamia mimi. Niliangalia nyuma mara moja tu, na Fundi akaniona kupitia mlangoni. Uso wake ukalegea kidogo, kama wa mtu aliyemwona ndugu. Alidhani nimekuja kumsaidia. Hapo miguu ikakataa kwenda.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye ninayetafsiri zile kanda. Yule wa kwenye video si yeye. Jina nilimpa mimi, ili mcheke."

Hawakuamini. Mwanamke mmoja akaniambia, "Binti, kaa pembeni. Tulimwona." Wakaanza kusogea tena. Sikuwa na maneno mengine, mwanangu, ila yale niliyoyatunga. Nikaweka ngumi mdomoni kama nimeshika kipaza sauti, nikatoa ile sauti ya puani: "Leteni mtoto, chupa yangu haijajaa." Nikamalizia na kile kicheko chake kirefu, machozi yananitoka.

Watu waliganda. Ile sauti waliijua. Kuisikia mchana kweupe, bila moshi wala jenereta, ikitoka kwa binti wa Mzee Ligonja, iliwatisha kuliko kitu chochote cha kwenye mkanda. Baba akaitwaa chupa, akaifungua, akammiminia yule kijana kiganjani. "Nusa," akamwambia. Kijana akanusa. Mafuta ya mashine.

Mapanga mengine yalishuka. Mengine hayakushuka, yalinielekea mimi, na sijui yangeishia wapi kama sauti isingetokea mashambani: Devota amepatikana, amelala juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, hajui lolote. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia Fundi pole.

Jioni baba aliniita, akanitaka nimsimulie ule mkanda wote. Nilitegemea fimbo, na ningeipenda zaidi. Alisema taratibu, "Wakati wa reli tulikula nao sufuria moja. Homa ilipotupiga ilitupiga wote, na wao waliita mama kwa lugha yao. Wewe umekaa gizani na kipaza sauti, ukamnyang'anya mtu mama yake, ukamwachia kucha na moshi. Kesho nenda ukamwombe radhi, na uende peke yako."

Nilimkuta Ifakara anafunga mizigo, nyusi imeshonwa. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Huyo mtu mliyempa jina langu, mwisho wake anakufa?"

Nikasema, "Anakufa."

"Na watu wanapiga makofi?"

Tulipiga makofi kila Jumamosi, na mimi ndiye niliyewaanzishia. Aliona jibu usoni mwangu, akatikisa kichwa, akaendelea kukaza kamba ya mzigo. Aliondoka na treni ya wiki ile na hakurudi tena. Mashine ya Kisawasawa ilikufa mwezi uliofuata. Mama yangu na wenzake walirudi kwenye kinu na mchi, na kila nilipoisikia ile michi alfajiri nilijua wanatwanga kwa sababu yangu.

Basi shika neno hili, mwanangu. Ukiona watu wa sura moja kila mara ndio wanaopewa ubaya, jua kuna mtu alikaa mahali akapanga hivyo, kama nilivyokaa mimi, na huenda naye alitaka tu watu wacheke. Huyo humfikii. Lakini usimsaidie kazi. Mtafutie yule mbaya mama yake kichwani mwako, mtafutie chakula chake na kitu kinachomchekesha, hata kama mkanda haukuonyesha. Na jina la jirani yako usiliazime kwa mchezo, kwa sababu siku ya yowe hakuna atakayeuliza lilitoka wapi. Ukishakosea, sema mapema, hata kama magoti yanagongana. Mimi nilichelewa kwa jiwe moja.

Mungu akupe ulimi mzito pa kubeza na mwepesi pa kutetea. Akulinde na yowe la watu, na zaidi akulinde na yowe utakalolianzisha wewe. Uzeeke ukilala usingizi. Sasa lete hiyo simu hapa, tulifute lile jina mimi na wewe, kabla yule mtu wa barabara hajapita.