Raheli Anaomba Kubatizwa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale kijiji cha Masoko, mchungaji kiongozi alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Akasema, "Mwinjilisti, huku matope hayaishi. Vua hivyo, uingie kwa watu pekupeku, ndipo watakusikiliza." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa kufundisha wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Nyinyi wainjilisti vijana leo mnagawa karatasi, basi, mmemaliza. Sisi tulikaririsha. Swali, jibu, swali, jibu, mpaka bibi asiyejua kusoma aiseme Imani ya Mitume huku anapalilia magimbi. Mwishoni waliulizwa mbele ya wazee wa kanisa, na walitetemeka kweli kweli.

Tusekile alikuwa mwanafunzi wangu. Kwao walikataa katakata, baba yake alimwambia, "Ukibatizwa, usirudi hapa." Akabatizwa hivyo hivyo, akaitwa Raheli, baadaye akawa mke wangu. Nilipohamishiwa Nkunga alinifuata na kuku wake kwapani. Nilipostaafu tukajenga Bulyaga, na ni yeye aliyekuwa akiniamsha kwenda ibada.

Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na sufuria kuungua jikoni, ukaja kwenye majina ya watoto. Nikimwita Raheli haitiki. Nikimwita Tusekile anageuka. Anajiona bado yuko darasani, hajabatizwa, na anaogopa kufa hivyo. Kila Jumamosi analia: "Mwalimu, kesho ni zamu yangu?" Jamani, nimezika watu wengi, lakini kilio hicho kinanimaliza.

Daktari alisema ubongo unachakaa na hana dawa ya kuurudisha. Akashauri tukariri na kuimba pamoja kama alivyozoea, maana kunamtuliza. Jirani akanishauri, "Mmwagie maji tu, mzee, nani ataona?" Ebo! Mimi niliyefundisha maisha yangu yote kwamba ubatizo haurudiwi? Nikaenda kwa mchungaji wetu, kijana wa juzi tu. Akasema kwa upole, "Baba, yeye amesahau, lakini Mungu hajasahau."

"Najua," nikamjibu kwa hasira. "Nenda kamwambie yeye."

Alikuja kweli. Akamshika mkono, akamweleza taratibu kwamba alishabatizwa zamani. Mke wangu akaitikia, "Ndaga, baba," asante hiyo kwa Kinyakyusa. Mchungaji hata hajafika barabarani, mke wangu akaanza kulia upya.

Nilidhani kustaafu ni kupumzika. Kumbe kila asubuhi nina darasa la mtu mmoja. Yako mambo ambayo mafundisho yangu hayakuyafikia, na sioni haya kuwaambia. Jumamosi iliyopita nilimuuliza maswali yote, kama tulivyouliza mbele ya wazee, na hakukosea hata moja. Akataka kujua kama amefaulu. Nikamwambia amefaulu.

Akafuta machozi kwa upande wa kanga. "Basi mwite mume wangu, Mwalimu. Sitaki kubatizwa yeye hayupo."

Nikamwambia yuko njiani. Tukakaa pale sebuleni, tukimsubiri.