Tawi Lililolazwa Njia Panda ya Kwihara

Mwanangu, asubuhi ile ya mbio za kutoka Kwihara hadi Kanyenye nikiikumbuka hutoka jasho, hata nikiwa nimekaa kitini.

Enzi za Mwingereza mimi nilikuwa bingwa wa mbio za nyika. Vikombe vyangu mama alipimia mtama, na majirani wakaja kuazima. Hata upepo ulinipisha.

Siku hiyo niliongoza kama kawaida. Nyuma yangu alikuja Saidi, kijana wa mjini, halafu wengine. Njia ilipogawanyika nikashika ya bondeni, ndiyo fupi. Mara nikaona ng'ombe amelala, tumbo wazi, damu ingali inatoa mvuke. Nyasi za pembeni zikatikisika, na upepo haukuwapo.

Simba! Nilirudi kinyumenyume, sipumui, hadi njia panda. Nikamkumbuka babu, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pembe za ndovu. Wapagazi wakiona njia mbaya waliifunga kwa tawi, na wa nyuma hawaingii. Nikavunja tawi, nikalilaza kwenye njia ya bondeni, nikatimka kwa njia ya juu. Risasi ingeomba nisimame iniwahi.

Mbele kidogo likanijia wazo lililonitisha kuliko simba. Saidi amezaliwa dukani Kanyenye, tawi la wapagazi atalijulia wapi? Na sisi wa mbio za nyika kutwa tunaruka magogo. Ataliruka, tena kwa madaha!

Nikageuka. Nililia, sikufichi.

Nilimkuta keshainua mguu.

"Saidi! Simba humo!"

"Aa, bingwa! Umeishiwa pumzi, sasa unanitishia simba?"

"Haki ya Mungu, kaua ng'ombe!"

"Mpe salamu zangu."

Nikamkamata fulana, ikachanika. Hapo bondeni ikatoka ngurumo ya chini, meno yangu yakagongana. Saidi hakuaga. Alipotea njia ya juu, akaniachia nusu ya fulana.

Wengine walikuwa bado wanakuja. Nikabaki pale peke yangu, nikimzuia kila ajaye kwa kelele, mpaka wa mwisho.

Nikaingia Kanyenye nyuma ya wote, bingwa mzima, nikazomewa. Babu alikuwa akingoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wenzako wote wamefika?"

Nikamweleza.

"Sisi lile tawi tulifundishwa," akasema. "Hawa nani aliwafundisha? Kwa nini ulikimbia kwanza bila kuwangoja?"

Hapo Saidi akaja na kombe kwapani, macho chini, akaniomba kipande chake cha fulana mama yake akishone. Nikampa.

Basi, mwanangu, ukiiona hatari usiweke alama unayoijua wewe ukaondoka na roho nyeupe. Simama. Iseme kwa kinywa mpaka wa nyuma aelewe, hata akucheke, hata akupite. Nawe uendako, Mungu akuwekee mbele mtu wa kukugeukia na kukuita kwa jina, ufike salama.