Mke wa Sultani wa Merv Alikuja Kuchana

Usiponiamini, shauri yako. Mikono hii ndiyo iliyokishika.

Mimi msusi, mtu wa Tanga, saluni yetu ipo Chaussée d'Ixelles, mtaa mmoja huku ughaibuni. Jioni ile ya Desemba nilibaki peke yangu, roho juu. Mume wangu, na upara wake ule unaong'aa kama sufuria, kila jioni anajifungia bafuni. Anaongea na nani mle? Nilikuwa nimeshachongesha ufunguo. Leo ndiyo leo!

Mara kaingia mwanamke, nywele mpaka magotini. Hataki kusukwa, anataka kitana, na vioo vifunikwe.

"Nitachana mwenyewe, dada. Wewe geukia ukutani."

Nikageuka. Akawa anachana huku anasimulia. Mumewe alikuwa sultani wa Merv, huko Turkmenistan. Alimpa sharti moja tu, asimtazame akichana. Bwana akachungulia mlangoni, na mke akaruka zake angani. Sultani akalia, akajenga kaburi lake mwenyewe: kuba juu ya kuba, la nje la buluu, misafara ikiliona kutoka mwendo wa siku nzima. Kileleni akaacha tundu, ili mkewe akipita angani amwone.

"Mafundi wamekarabati kuba, tundu wameliziba," akasema. "Simwoni tena."

Akaanza kulia, na nikasikia kitana kikinasa. Sasa, mwenzangu, msusi gani anavumilia fundo? Nikapapasa hadi kiti cha nyuma yake, macho nimefumba, nikakivuta kichwa mapajani kama tunavyofanya siku zote. Kikaja. Chote! Chepesi, cha moto, bado kinalia.

"Taratibu, dada," kikasema.

Haki ya Mungu, nilichana. Ningefanya nini? Nasoma kila dua niliyofundishwa, macho sikufumbua.

"Mume wangu angekuwa kama wewe," kikanong'ona, "nisingeondoka."

Kisha mapaja yakawa matupu. Nikafumbua macho, mlango wa saluni u wazi, baridi inaingia.

Nikafika nyumbani na ufunguo wangu. Bafuni kumefungwa kama kawaida. Nikatega sikio. Hakuna simu, hakuna sauti ya mwanamke. Kitana tu, kinapita taratibu kwenye nywele ndefu.

Ufunguo niliutupa. Nampenda mume wangu. Kila jioni nazunguka sebuleni, situlii, mpaka atoke na upara wake tule.

Na wewe uliyebandika jicho kwenye tundu la mlango, toka hapo. Utaona, sawa. Halafu utakula na nani?