Lastiki Asubuhi ya Komunyo

Meno yangu ya juu yalitokeza mbele hata midomo ikakataa kufungana. Baba alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, Mzungu mmoja hapa Elisabethville, naye ndiye aliyemwomba anifunge nyaya. Nilizichukia. Zilipokaribia kutolewa nikadhani nimeokoka. Wapi! Daktari akaleta lastiki, vipete vya mpira vya kunasa kwenye nyaya, kutoka jino la juu la mbele hadi la chini la nyuma, usiku na mchana. Eti meno yamenyooka lakini bado hayakutani vizuri, na nikizembea yatarudi yalikotoka. Kila nikipiga mwayo, moja linakatika.

Jumapili ya komunyo yangu ya kwanza tulipanga mstari nje ya kanisa, nguo nyeupe, tumbo tupu. Siku zile, kwa kila anayepokea komunyo, kuanzia usiku wa manane hata tone la maji lilikuwa mwiko. Njaa ikanipigisha mwayo. Lastiki likakatika na kuteremka kooni. Si ningenyamaza tu! Lakini nikajifanya mkweli, nikamwendea mtawa aliyetufundisha katekisimu.

"Masère, nimemeza lastike ya meno."

"Basi umevunja mufungo. Toka mu mulongo."

"Lakini ile haiko chakula!"

"Ulimeza ao haukumeza?"

Nikakaa kwenye benchi karibu na mama, nikawatazama wenzangu wote wakipokea. Nilitamani kung'oa meno yale kwa mikono yangu. Baada ya misa mama alimfuata padri, na padri akacheka mpaka akashika tumbo. Mpira si chakula, alisema, haukuvunja kitu, mtoto aje Jumapili ijayo. Kwake yalikuwa mambo ya kuchekesha. Nguo yangu nyeupe ilikuwa ya kuazima, na jioni ile ile ikarudi kwa wenyewe.

Katikati ya wiki daktari akatoa nyaya. Hata kufurahi sikupewa nafasi, maana papo hapo akanivisha kitu kingine: kibamba cha plastiki ngumu chenye waya, kilichofunika kaakaa lote, cha kuyashikilia meno yasihame. Nisikitoe ila wakati wa kula na kukisafisha.

Jumapili nikapiga magoti peke yangu, na nguo ya shule, nikapokea. Hostia, ule mkate mwembamba ulio mwili wa Yezu, ikaganda kwenye kibamba. Nikaisukuma kwa ulimi, haikubanduka. Tulifundishwa kwamba kuigusa kwa kidole ni dhambi, na kuitafuna pia, kwa hiyo hata kutoa kibamba sikuthubutu. Nilitembea njia nzima nikilia kwa hasira, mdomo nimeubana.

Nyumbani mama akatenga bukari, ugali wetu, ukiwa wa moto.

"Kula, inapola."

"Mama, Yezu akingali mu kinywa."

Mama naye alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana. Alinitazama kidogo, akafunika sufuria, akaketi kando yangu, tukangoja.