Kinu cha Papa Likambo

Florentine hakusoma. Darasani alikaa miezi mitatu, kisha mama yake akamrudisha nyumbani kulea wadogo. Lakini lituma ya mkono wake inajulikana Tshopo nzima: ndizi zilizochemshwa na kupondwa mpaka zimelainika, na ukiila pamoja na samaki unamsahau hata mtu unayemchukia.

Yeye mwenyewe hakusahau. Mumewe alipofariki, siku ya kuondoa matanga, shemeji yake Maurice alikuja na mkokoteni akabeba kitanda, viti, masufuria, na mwisho akabeba kinu.

"Vyote ni mali ya ndugu yangu," alisema.

Kinu! Ndugu yake aliwahi kuponda lini? Kinu kile Florentine alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Wazee wa familia walimwambia avumilie. Kwa miaka minne akavumilia, akiponda lituma katika kinu cha kuazima, kidogo kama kikombe, huku akitaka jambo moja tu: siku moja watu wa Tshopo wasikie alivyotendewa.

Ndiyo maana aliposikia kwamba akina mama wa soko wanatunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya tarehe nane Machi, siku ya wanawake, alikuwa wa kwanza kufika. Aliyewafundisha ni Falonne, msichana wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye subira. Kila Alhamisi alasiri aliweka kiti kimoja katikati. Mwanamke anakaa pale na kuwa mtu aliyemtunga, wenzake wanamuuliza maswali, naye anajibu kama mtu huyo. Wakimsadiki, wanapiga makofi na anaingia mchezoni. Wasipomsadiki, wote wanapaza sauti: "Haiko!" yaani mtu kama huyo hayupo.

Florentine aliwaletea Papa Likambo. Mwizi wa wajane. Anapiga watoto, anatema mate kanisani, anawawekea mbwa sumu, na uso wake ni kama wa mamba.

"Haiko!" walipiga kelele wote.

"Mama Florentine," alisema Leila, muuza samaki aliyetoka Maniema, huku akifuta machozi ya kicheko, "huyu hata shetani atamukimbia!"

"Iko!" Florentine alisimama. "Mimi ninamujua!"

"Wewe unamujua, mama," Falonne alijibu taratibu. "Siye bado. Bon, nenda naye nyumbani wiki hii. Usiseme ni mubaya. Mufuate tu toka asubuhi. Anakula nini? Vitu alivyoiba anaviweka wapi? Kitu gani anakitamani na hakipati?"

Florentine aliondoka amevimba kwa hasira. Ampe chakula mtu kama yule? Jumatatu, akimenya ndizi, alimpa Papa Likambo mkate mkavu, tena kwa shingo upande. Jumanne akamnyima kabisa. Jumatano kisu kikamsimama mkononi. Kinu amekichukua, sawa, lakini nyumbani kwake nani anajua kuponda? Mke wake wa pili alitoka mbali na lituma haijui. Basi kinu kimetupwa nyuma ya jiko, na kitu kilichotupwa nyuma ya jiko wenyewe ni kuku. Na yeye, aliyekua akila lituma tangu hajaota meno, anaitamani mpaka anaiota. Anayeipika vizuri ni mjane aliyemwibia. Ataendaje kununua?

Florentine alicheka peke yake mpaka jirani akachungulia.

Alhamisi akakaa tena kwenye kiti.

"Papa Likambo," Leila alimwanza, "umekula nini leo?"

Florentine aliinamisha kichwa, akakuna magoti kama mzee. "Mukate."

"Na ulikuwa unataka nini?"

"Lituma."

"Si ununue?"

"Nitamuangalia mama ule na macho gani?" Akashusha sauti. "Ninatuma mutu wa toleka, ule wa kubeba watu na baiskeli. Ninamuambia: beba bakuli hii, lakini usiseme iko ya nani."

"Na kinu je?"

"Ah, kinu... Alors, kuku wanalala ndani. Ule mweusi akiatamia, hata mimi mwenyewe ananidonoa."

Hakuna aliyesema haiko. Makofi yalisikika mpaka nje, na Leila alipiga kuliko wote.

Tarehe nane Machi, ua wa parokia ulijaa vitenge vipya. Florentine mwenyewe ndiye aliyekuwa Papa Likambo, amevaa suruali ya kuazima iliyofungwa kwa kamba. Katika safu ya tatu alikaa Maurice, aliyekuja kucheka kama kila mtu, na kweli alicheka. Alicheka mkate, alicheka bakuli. Walipofika kwa kuku mweusi, akainuka.

"Nani alikuambia mambo ya kuku?"

Watu wote waligeuka kumtazama. Florentine naye alimkodolea macho, maana yule kuku alimtunga yeye mwenyewe juu ya maganda ya ndizi.

Ndipo sauti ya Leila ikapasuka: "Papa Likambo wawili!"

Kicheko kilichofuata, wa ng'ambo ya mto nadhani walikisikia. Maurice alitoka akijifanya simu inamwita.

Asubuhi yake toleka ilisimama mbele ya meza ya Florentine sokoni. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na kinu kilichofungwa kwa mpira, na ndani yake mavi ya kuku na manyoya matatu, meusi. Florentine aliyachukua yale manyoya, akayaangalia, akacheka mpaka akaketi. Kisha alikisugua kinu kwa majivu na maji ya moto mara tatu.

Mtu wa toleka hakuondoka. Alitoa bakuli chini ya koti.

"Mama, wamenituma lituma. Wamesema nisiseme iko ya nani."

Florentine alifunika sufuria.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema. "Apange mustari kama wengine."