Siku Niliyomkana Mbwa Wangu

Shemeji yangu alipohamishwa kikazi kwenda Gitega aliniachia mbwa wake, dume la rangi ya udongo lenye kifua kipana, ambaye hakuwa amewahi kufungwa kamba maishani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Rumonge, kando ya ziwa. Nilikulia uhamishoni Tanzania, na tangu nirudi nimependa mno watu wanione mtu wa mpango. Nikajiwazia nikipita barabarani, mbwa kando yangu, ametulia kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

Nilimkatia kipande cha kamba ya nyavu, nikaanza. Alivuta, nami nikamvuta. Nilipomvuta alizidi kukaza shingo, akikohoa, nami nikamchapa kwa kandambili mgongoni. Tulifanya hivyo kila jioni, giza likianza kuingia, kwa majuma mawili, tukishuka hadi ufukweni na kurudi, na kila jioni nilifika nyumbani nimekasirika kuliko jana yake.

Jumapili moja baada ya misa nilimtoa nikiwa bado na shati langu la kanisani. Ufukweni akina mama walikuwa wametandaza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu ili zikauke. Baadhi yao watoto wao nawafundisha. Mbwa alipata harufu, akaruka mbele, kamba ikanichuna kiganja. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba iliniponyoka. Ukweli ni kwamba niliiachia.

Alipita katikati ya samaki akitifua mchanga, akila na kukanyaga. Mama mmoja wa makamo, mwenye ushungi wa kijani, alinyanyuka mbio.

"Mbwa hii ni ya nani?" alipaza sauti.

Watu wote wakageuka. Niliona nyuso za wazazi, nikaona na shati langu jeupe.

"Sijui, mama," nikasema. "Hata mimi naiona inazurura tu."

Basi mawe yakaanza. La kwanza lilimkosa. La pili lilimpata mguu wa nyuma, akalia kilio ambacho sikujua mbwa anaweza kulia. Halafu akanikimbilia, kwa miguu mitatu, kamba ikiburuta nyuma yake, akajificha nyuma ya magoti yangu.

Hakuna aliyerusha jiwe tena. Yule mama aliitazama kamba, akatazama kiganja changu kilichochubuka.

"Mwalimu," akasema polepole, "basi ondoa hiyo mbwa isiyo yako, watu wafanye kazi."

Nyumbani nilimwosha mguu kwa maji ya uvuguvugu. Akanilamba mkono. Afadhali angening'ata. Mke wangu alipouliza, nilisema mbwa ametumbukia mtaroni. Siku tatu nilikwenda shuleni kwa njia ya nyuma, kupitia michikichi, nisionane na mtu wa ufukweni.

Siku ya nne mke wangu alirudi kutoka sokoni, akatua kikapu bila kuvua kanga ya kichwani.

"Ulimkana mbwa mbele ya watu?"

Niliinamia madaftari ya wanafunzi.

"Leo mbwa. Kesho utamkana nani?"

Niliondoka saa ileile, nikaenda ufukweni peke yangu. Yule mama alikuwa ameinama juu ya samaki wake.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mwalimu."

"Mbwa ni wangu. Nilisema uongo."

"Najua. Ilikukimbilia wewe, haikukimbilia mimi."

Nilimwuliza nimlipe nini. Alikataa, akanionyesha upande wa pili wa wavu, kwamba nigeuze ndagala. Niligeuza mpaka adhana ya alasiri, mgongo ukiniuma, wazazi wakipita na kunisalimu kwa sauti ya chini. Alipokuwa akinawa mikono ndipo akasema, "Kila jioni nilikuwa naona kwa mbali mtu anavuta mbwa, kumbe ni wewe. Hata mbuzi, ukimuvuta, naye anavuta. Kamba ikikaza, simama tu. Usiseme kitu. Ikilegea, tembea. Lakini usiilete karibu na mimi, nitapoteza udhu."

Mguu ulipopata nafuu nilijaribu. Siku ya kwanza tulichukua karibu nusu saa kutoka lango langu hadi ua wa jirani. Kamba ikikaza, nasimama. Waliopita walicheka, na nilistahili. Akigeuka kunitazama, kamba ikalegea, nampa ndagala mmoja mkavu, tunaongeza hatua tatu, nne. Baada ya miezi miwili tulifika ufukweni bila kuvutana. Yule mama, kutoka mbali, alitikisa kichwa kukubali, akaendelea na kazi yake.

Lakini mbwa anachechemea hadi leo. Na nikiinua mkono ghafla, hata kufuta jasho tu, anajikunyata hadi tumbo linagusa ardhi. Hilo sijaweza kumfundisha aache.

Juzi mwalimu mwenzangu alitukuta njiani. "Mwenzangu, umeifundisha vizuri," akasema. "Iko na adabu kabisa!"

"Murakoze," nikamshukuru, tukapita. Nilikwenda hatua kama kumi hivi. Kisha nikageuka, nikamwita, nikamweleza yote: kandambili, ufukwe, niliyoyasema, jiwe. Alinisikiliza, akamtazama mbwa, akatazama mguu wake.  Akatazama saa, akasema anachelewa, akanipa mkono, akaenda zake.

Nami nilibaki pale kwa muda, uso ukiwaka moto, kabla ya kuendelea.