Mwanafunzi Aliyeomba Ruhusa

Walimu wa uuguzi mnaning'ang'ania mimi mgonjwa niandike maoni, na kalamu yenyewe inanishinda. Haya. Mwanafunzi wenu hamgusi mgonjwa kabla ya kufumba macho na kunong'ona somo, akihesabu hatua kwa vidole vinavyonuka sabuni. Jana mama wa kitanda cha pili kiazi kilimkwama kooni, macho yakamtoka. Binti wenu akafumba yake.

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, naomba ruhusa..."

"We mtoto, anakufa huyo!" nikapiga kelele.

Kumbe mikono yake ilishamwinamisha mama, inamtwanga mgongoni, pu! pu! Kiazi kikarukia shuka langu. Naye bado macho kafumba: "...nikusaidie. Unakubali?"

Mama akavuta pumzi. "Marahaba. Nakubali."

Basi msimfelishe. Mpeni alama za mikono, huo mdomo mtahangaika nao wenyewe.